Mafiga, Mabati na Hewa Ukaa: Historia Fupi ya Istilahi za Nishati ya Nyumba katika Wilaya za Tarime na Serengeti

UTANGULIZI

Kiswahili kimekabidhiwa kazi ambayo hakikuwa nayo miaka hamsini iliyopita. Chatakiwa kieleze kwa wananchi namna nyumba ambazo tayari zimejengwa na zinakaliwa zinavyoweza kutumia nishati kidogo zaidi, ili gharama zipungue, moshi upungue, na gesi zinazoongeza joto la dunia zipungue. Mwezi Mei 2024 Serikali ya Tanzania ilizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, utakaotekelezwa hadi mwaka 2034. Shabaha yake ni kwamba ifikapo mwaka huo asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia. Lengo hilo halitafikiwa kwa amri. Litafikiwa pale ambapo mama mwenye nyumba, ambaye ndiye mwenye jiko, atakapoelewa anachoambiwa na kukikubali. Hapo ndipo suala la nishati linapogeuka kuwa suala la istilahi.

Makala haya yanakusudia kufuatilia historia ya baadhi ya maneno yanayotumika katika jambo hili, kwa kutazama wilaya mbili za Mkoa wa Mara: Tarime na Serengeti. Wilaya hizi zimechaguliwa kwa sababu tatu. Kwanza, zina hali ya hewa mbalimbali: nyanda za juu za Tarime zina usiku wenye baridi, ilhali tambarare za Serengeti zina jua kali la mchana, kwa hiyo nyumba ya huko hujaribiwa kwa baridi na kwa joto pia. Pili, Tarime inapakana na Kenya, nako Kiswahili cha pande mbili za mpaka hakitaji vitu vya jikoni kwa maneno yaleyale. Tatu, Serengeti inapakana na Hifadhi ya Taifa iliyoanzishwa mwaka 1951, ambamo haijuzu mwananchi kuingia kukata kuni; kwa hiyo uhaba wa kuni huko una historia yake ya pekee.

MSONGE NA MAFIGA

Kati ya wilaya hizi mbili hupita Mto Mara. Kaskazini ya mto wako Wakurya wa Tarime. Kusini, kuelekea Mugumu, wako Wakurya wengine pamoja na Wangoreme, Waikoma, Wanata na Waisenye. Kila watu wana lugha yao, na kila lugha ina maneno yake ya ujenzi. Kiswahili kilipoenea huko kilikuta nyumba imekwisha simama, nacho kikaleta majina yake.

Nyumba hiyo kwa Kiswahili huitwa msonge: nyumba ya mviringo yenye paa la nyasi lililochongoka juu. Tukitazama maneno ya Kiswahili yanayohusu ujenzi wa namna hii, twaona kwamba lugha ina utajiri mkubwa ambao wataalamu wa leo huusahau. Mjenzi husimamisha nguzo na kufunga fito. Kisha hukandika, yaani hujaza udongo. Udongo ukikauka na kupasuka, huziba nyufa kwa mawe madogo na udongo, na kazi hiyo ni kutomea. Mwisho husiriba, yaani hupaka tabaka laini, na kwa wafugaji tabaka hilo mara nyingi huchanganywa na samadi ya ng'ombe. Paa huezekwa, likichakaa huezuliwa na kuezekwa upya. Maneno yote haya ni ya kutunza nyumba iliyopo, si ya kujenga nyumba mpya tu. Msomaji aliweke jambo hili moyoni, kwani tutalirudia mwishoni.

Kwa macho ya sayansi msonge una sifa ambazo wenyewe hawakuhitaji kuzipa istilahi. Mviringo ndio umbo linalozingira eneo kubwa kwa ukuta mfupi kuliko umbo jingine lolote. Basi ukuta unaopoteza joto huwa mdogo. Nyasi nene hunasa hewa ndani yake, na hewa iliyotulia haipitishi joto kwa urahisi. Udongo mnene hupokea joto la mchana polepole na kulitoa polepole usiku. Katikati ya nyumba huwapo moto juu ya mafiga matatu. Moshi wake hupenya katika nyasi, hufukuza wadudu, hukausha paa, na kuhifadhi nafaka iliyotundikwa juu ya meko.

Lakini tusiisifu nyumba hii kupita kiasi. Moshi uliohifadhi paa uliingia pia katika macho na mapafu ya mpishi na watoto wake. Aidha, moto wa mafiga hupoteza joto jingi. Katika kila sehemu 100 za joto lililomo katika kuni, ni sehemu 10 hadi 15 tu hivi zinazoingia chunguni, zilizobaki hutawanyika. Katika usiku wa baridi wa Tarime joto hilo lililotawanyika halikuwa hasara tupu, maana liliwapasha moto waliolala. Moto mmoja ulifanya kazi nne: kupika, kupasha joto, kuangaza na kuhifadhi. Hili ni jambo la maana sana kwa mtunga istilahi, kwa sababu neno jiko katika fikra za watu halikuwa chombo cha kupikia peke yake.

Neno jiko lenyewe lina maana nyingi. Ni mahali pa moto, ni chombo cha moto, ni chumba cha kupikia, na kwa mazungumzo ya kawaida ni mke: mwanamume aliyeoa husemwa kuwa amepata jiko. Kwa hiyo ofisa anayesimama mkutanoni na kuwahimiza wanaume "kubadili majiko" asishangae akisikia kicheko. Nalo neno mafiga limekwenda mbali na meko. Katika kampeni za uchaguzi "mafiga matatu" ni Rais, Mbunge na Diwani, kwa hoja kwamba chungu hakikai juu ya figa moja wala mawili. Neno ambalo siasa hulitumia kuwa mfano wa uthabiti haliwezi kufanywa jina la aibu kwa siku moja.

BATI NA "NYUMBA BORA"

Badiliko kubwa la kwanza lilikuja juu ya nyumba, wala si ndani yake. Katika enzi ya ukoloni watu wa Mara walianza kupata fedha taslimu kwa njia mbalimbali: kahawa katika nyanda za juu za Tarime, kazi katika machimbo ya dhahabu, na utumishi wa jeshi, ambao Wakurya wengi waliuingia. Fedha hizo zilinunua mabati. Bati halikubali mviringo. Hutaka kenchi na kuta zilizonyooka. Hivyo paa jipya lilibadili umbo la nyumba nzima, kutoka mviringo hadi pembe nne.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, suala la makazi likawa suala la taifa. Mwaka 1971 kiliundwa mjini Dar es Salaam Kitengo cha Utafiti wa Majenzi, na mwaka uliofuata Benki ya Nyumba ikaanzishwa kwa sheria. Mwezi Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini ni amri. Katika Mkoa wa Mara operesheni ya kuwahamisha wananchi ilifanyika mwaka 1974. Nyumba za zamani ziliachwa, na mpya zilijengwa kwa haraka, kwa mistari, kando ya barabara. Hapa ndipo maneno nyumba bora yalipopata nguvu yake. Hadi leo maneno hayo yamo katika jina la taasisi iliyorithi kazi ya Kitengo kile mwaka 2001, yaani Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi.

Nia ya maneno hayo ilikuwa njema. Bati halishiki moto kama nyasi, hudumu miaka mingi, na huwezesha kukinga maji ya mvua. Malisho yanapopungua, nyasi za kuezekea nazo huwa adimu. Hata hivyo, kivumishi bora kilipogandamana na bati, kiliacha swali moja bila kuulizwa: bora kwa lipi? Kwa kudumu, bora. Kwa joto, la. Bati ni jembamba na ni chuma. Mchana hupeleka joto la jua ndani ya nyumba, na usiku hulitoa nje upesi. Nyumba ya bati isiyo na dari huwa tanuru saa nane mchana, na usiku wa manane katika vilima vya Tarime huwa baridi kuliko msonge ilioupokea nafasi. Kwa hiyo moto uliendelea kuwashwa usiku, na kuni ziliendelea kuteketea.

Vilevile ni lazima tutaje tofali la kuchoma. Tofali hilo nalo limeitwa la nyumba bora, lakini huchomwa kwa magogo. Nyumba moja yaweza kumaliza miti ambayo ingempikia mama wa nyumba hiyo kwa muda mrefu. Kama istilahi ingalikuwa "nyumba ya kudumu", mwananchi angalijua sawasawa anachoahidiwa. "Bora" iliahidi zaidi ya hapo.

MWAKA 1973 NA NENO "NISHATI"

Mwezi Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zinazotoa mafuta zilizuia kuyauza kwa baadhi ya nchi, na bei ikapanda mara nne katika muda wa miezi michache. Nchi tajiri ziligeukia nyumba zao. Ujerumani Magharibi ilitunga kanuni za kuzuia upotevu wa joto katika majengo mwaka 1977. Uingereza ilipitisha mwaka 1978 sheria ya kutoa ruzuku ili wenye nyumba waweke vihami joto darini. Kwa hiyo dhana ya kuboresha nyumba iliyopo ili itumie nishati kidogo ilizaliwa katika nchi za baridi, ambako nishati ya nyumba maana yake kubwa ni kupasha vyumba moto.

Kwetu hali ilikuwa nyingine. Mwaka 1975 mtafiti Erik Eckholm aliandika kwamba kwa watu maskini wa dunia upungufu wa nishati si wa mafuta bali ni wa kuni. Tanzania ililiona jambo hili mapema. Mwaka 1980 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliendesha kampeni ya redio na vikundi vya kujisomea iliyoitwa Misitu ni Mali, kwa kufuata mfano wa Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Tazama ufasaha wa majina hayo: maneno matatu, hakuna la kigeni gumu, na kila moja ni sentensi kamili ambayo mtu aweza kuikubali au kuikataa.

Katika miaka hiyohiyo lugha ilihitaji neno moja la kukusanya kuni, mkaa, mafuta, umeme na jua. Neno nguvu lilikuwa limechoka kwa kubeba maana nyingi. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa kwa Sheria Na. 27 ya mwaka 1967, lilikuwa na kazi ya kukuza istilahi za namna hii, na orodha zake zilitoka katika vijitabu vya Tafsiri Sanifu. Neno lililoshika Tanzania ni nishati, kutoka Kiarabu, ambako maana yake ya asili ni uchangamfu. Lilikuwa neno zuri kwa kuwa halikuwa na mzigo mwingine. Lakini kwa sababu hiyohiyo halikuwa na mzizi jikoni. Mwananchi wa Nyamwaga au wa Mugumu alilipokea kwanza kama neno la wizara na la redio. Kuni zake aliendelea kuziita kuni.

SANIFU, BANIFU, SAFI

Mwezi Agosti 1981 Umoja wa Mataifa ulifanya mjini Nairobi mkutano juu ya vyanzo vipya vya nishati na vile vinavyojirudisha. Katika miaka iliyofuata mafundi na watafiti nchini Kenya walitengeneza jiko la mkaa lenye gamba la bati na kikombe cha udongo uliochomwa ndani yake, kwa kuiga kwa sehemu jiko la Thailand. Udongo ule huhami joto lisikimbie kandoni, na mkaa hutumika kidogo zaidi. Majiko ya jamii hiyo yalienea Tanzania pia. Shirika la TaTEDO, lililoanzishwa mwaka 1990, likawa miongoni mwa waliofundisha mafundi kuyatengeneza.

Majiko haya yaliitwa kwanza majiko sanifu, baadaye pia majiko banifu. Masikio hudhani kwamba maneno haya mawili ni ndugu, kumbe sivyo. Sanifu latokana na Kiarabu, na maana yake ya asili ni kutunga na kupanga kwa utaratibu. Ndilo neno lilelile la Kiswahili sanifu. Herufi f ndani yake ni ya mzizi. Banifu ni la Kibantu: mzizi wake ni bana, na -ifu ni kiambishi kama katika bunifu na haribifu. Kufanana kwao ni kwa bahati.

Tofauti hiyo si ya kitaaluma tu. Jiko sanifu humsifu aliyelibuni, kwamba limepimwa na kukubaliwa. Jiko banifu humwambia mnunuzi kazi yake: linabana. Mtanzania alikwisha lijua neno kubana matumizi kwa miaka ya dhiki iliyofuata Vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Kwa hiyo banifu ni istilahi iliyozaliwa na maisha, nayo yafaa kuhifadhiwa. Tena inaweza kupanuliwa. Kama kuna jiko banifu, kwa nini pasiwe na nyumba banifu, yaani nyumba inayobana joto na kubana matumizi ya nishati? Maneno hayo yangemfaa mwananchi kuliko "nyumba yenye ufanisi wa nishati", ambayo ni sahihi lakini haina ladha mdomoni.

Neno la tatu ni safi. Nishati safi ya kupikia ni msamiati rasmi wa mkakati wa mwaka 2024, na sababu zake ni nzito. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020. Lakini safi katika Kiswahili lina kinyume chake, nacho ni chafu. Mama anayefagia meko yake kila alfajiri na kusiriba ukuta wake kila mwaka hatapenda kuambiwa kwamba anapika kwa uchafu. Tunashauri kwamba katika maelezo ya vijijini neno safi lifuatane daima na neno moshi: nishati safi ni ile isiyomvutisha mpishi moshi. Hapo hukumu hukiangukia kitu chenyewe, yaani moshi. Mwenye jiko hubaki na heshima yake.

Katika wilaya za wafugaji uko mfano mwingine wa kufundishia. Kituo cha zana za kilimo na ufundi vijijini kilichoko Arusha, CAMARTEC, kimeshughulikia mitambo ya gesi itokanayo na kinyesi cha mifugo tangu miaka ya 1980, na mwaka 2009 ilianza programu ya taifa ya mitambo hiyo ya majumbani. Wengine huiita bayogesi, wengine gesi ya samadi. Kwa mfugaji wa Tarime au Serengeti jina la pili halihitaji maelezo. Samadi iliyosiriba ukuta wa bibi yake ndiyo itakayowasha jiko la mjukuu.

MPAKA WA SIRARI

Mtu akisimama Sirari akatazama Isebania, haoni badiliko la watu: Wakurya wako huku na huku. Lakini Kiswahili cha ofisi hubadilika. Huku ni nishati, kule ni kawi. Huku ni umeme, kule ni stima. Huku hupikiwa mkaa, kule makaa. Kawi nalo latoka Kiarabu, katika neno lenye maana ya "enye nguvu". Wala hakuna sababu ya kisarufi ya kusema kwamba moja ni bora kuliko jingine.

Hata hivyo madhara yapo. Jiko likivuka mpaka na karatasi yake ya maelekezo, mnunuzi husoma maneno mawili kwa kitu kimoja na kudhani ni vitu viwili. Tena, Mtanzania akisikia makaa kwa haraka huweza kufikiri makaa ya mawe. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, ambayo makao yake yako Zanzibar, ndiyo mahali pa kupatanisha mambo haya. Mapatano si lazima yawe kufuta neno la jirani. Yatosha kila kamusi na kila kijitabu kitaje yote mawili.

HEWA UKAA NA WATUMISHI HEWA

Sasa tufikie istilahi yenye hatari kubwa kuliko zote. Gesi itokanayo na kuungua kwa kuni na mkaa huitwa hewa ukaa au hewa ya ukaa. Kwa upande mmoja hili ni jina zuri sana. Ukaa ni wa ukoo mmoja na kaa la moto, makaa na mkaa. Mwananchi aweza kuelezwa hivi: kile kilichomo katika mkaa mweusi, kikiungua chote, hugeuka hewa isiyoonekana, na mti unapokua huivuta hewa hiyo na kuifanya kuni tena. Maelezo hayo ni ya kweli, nayo yanaingia katika neno lenyewe. "Kaboni dayoksaidi" haliwezi kufanya kazi hiyo.

Kwa upande mwingine, neno hewa limepata maana nyingine katika Kiswahili cha Tanzania. Mwaka 2016 Serikali ilipofanya uhakiki wa orodha za mishahara, nchi nzima ilizungumza juu ya watumishi hewa, yaani majina yaliyolipwa mishahara bila kuwapo watu. Yapo pia malipo hewa na mikopo hewa. Katika matumizi haya hewa ni kitu kisichokuwapo, na nyuma yake yuko mjanja. Sasa mtu akifika kijijini na kusema, "Punguzeni kuni, nasi tutawauzia hewa ukaa yenu," msikilizaji mwenye akili ana haki ya kushika mfuko wake.

Jambo hili si mzaha. Miradi ya kaboni huhesabu kuni zilizookolewa na majiko banifu, na mikataba yake huhusu ardhi, misitu na fedha. Mwaka 2022 Tanzania ilitoa kanuni za usimamizi wa biashara ya kaboni, na Kituo cha Taifa cha kuratibu kaboni kiko Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Watu wa Serengeti wana kumbukumbu ya maneno mazuri yaliyoleta mipaka. Neno hifadhi, lenye asili ya kutunza na kulinda, liliwafikia mwaka 1951 kwa Hifadhi ya Taifa, na tena mwaka 1994 yalipotangazwa mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti. Kila mara ardhi ya kuwinda, kulisha na kuokotea kuni ilipungua. Mwanahistoria Jan Bender Shetler, katika kitabu chake cha mwaka 2007 juu ya kumbukumbu za watu wa Serengeti ya magharibi, ameonyesha namna wenyeji wanavyoikumbuka nchi hiyo kwa majina na njia ambazo ramani za Serikali hazinazo. Watu wa namna hiyo hawastahili kuwekewa mkataba wenye neno lenye maana mbili.

Kwa hiyo tunapendekeza mgawanyo wa kazi. Hewa ukaa ibaki kuwa jina la gesi, katika shule na katika maelezo ya moto na miti. Kaboni itumike katika sheria, hesabu na biashara, kama kanuni zilivyokwisha anza kufanya. Maneno "kuuza hewa" yaepukwe kabisa. Anayeeleza aseme kinachouzwa hasa: hesabu iliyothibitishwa ya kuni ambazo hazikuchomwa.

KUHAMI NA KUHAMA

Liko neno moja zaidi. Kitu kinachozuia joto kupita huitwa kihami katika vitabu vya fizikia, na kitendo chake ni kuhami, yaani kulinda. Ni istilahi sahihi. Lakini katika Mkoa ambao uliona mwaka 1974, kuna hatari ya kulisikia vibaya. Ukisema "tutahami nyumba zenu", sikio lililo karibu na kuhama, kuhamia na kuhamishwa laweza kusikia jambo jingine. Mzee aliyeiacha nyumba yake akiwa kijana hatasubiri ufafanuzi wa noti-chini.

Hapa ndipo tunaporudi kwenye maneno ya msonge. Wataalamu hutafuta istilahi ya kuongeza ubora wa nyumba iliyopo bila kuibomoa. Kukarabati halitoshi, maana ni kurudisha kitu katika hali yake ya kwanza. Kuboresha latosha, lakini ni pana mno. Kwa kila kazi moja moja lugha inalo neno tayari. Kuziba nyufa ni kutomea. Kuongeza tabaka la udongo mnene ni kukandika na kusiriba. Kuweka mkeka, matete au mbao chini ya bati, na kuacha nafasi ya hewa kati yake, ni kutia dari. Kutoa moshi nje ni kujenga dohani, au kama wengi wasemavyo, bomba la moshi. Jumla ya kazi hizo yaweza kuitwa kubanisha nyumba: kuifanya nyumba kuwa banifu. Tunalitoa neno hili ili lijadiliwe, wala hatudai kwamba limekamilika.

HITIMISHO

Tukiitazama historia hii kwa jumla, twaona kwamba kila kizazi kilikuwa na kivumishi chake: bora, sanifu, banifu, safi. Kila kimoja kiliona jambo moja la kweli na kuacha jingine. Bora iliona udumu wa bati, ikasahau baridi ya usiku. Sanifu iliona kazi ya fundi, ikamsahau mpishi. Safi imeona moshi, nayo iko hatarini kumtusi mwenye meko. Banifu peke yake imesema kazi ya kitu bila kumhukumu mtu.

Haki nyingine ya kusemwa ni hii. Mama wa Tarime anayepika kwa mafiga hakulijaza anga gesi zinazoipasha dunia joto. Sehemu yake ni ndogo mno ikilinganishwa na nyumba na viwanda vya nchi tajiri. Kwa hiyo Kiswahili kisimwendee kana kwamba yeye ndiye mkosaji. Kimwendee kwa faida yake mwenyewe: macho yasiyowasha, safari fupi ya kuni, usiku usio na baridi, chungu kinachoiva upesi. Hewa ukaa itakayopungua itakuwa nyongeza.

Tunapendekeza kwa Baraza mambo matatu. Kwanza, istilahi za nishati ya nyumba zijaribiwe katika mikutano ya vijiji, pamoja na wanawake wanaopika na mafundi wanaojenga, kabla ya kusanifiwa. Pili, maneno ya ujenzi wa asili yaliyomo katika Kiswahili na katika lugha za Mkoa wa Mara yakusanywe upesi, kwani wanaoyajua ni wazee. Tatu, maneno ya pande mbili za mpaka yaandikwe pamoja. Kazi hii ni ya gharama ndogo kuliko majiko yenyewe. Lakini jiko ambalo jina lake halikueleweka hugeuzwa kiota cha kuku, na mafiga hurudi mahali pake.